Sura ya Sita: Mkubwa ni Jalala

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, ikishalipita jiji la Mbeya, hushuka mteremko wa Iwambi, huvuka daraja la mto Mbalizi, kisha huingia katika mji wa Mbalizi. Madereva wa malori ya masafa wanaujua mteremko huo kama wanavyoijua Kitonga kule Iringa. Tarehe 7 Juni 2025 lori lililofeli breki liliyavamia magari mengine hapo, na watu 28 wakapoteza maisha. Miaka saba kabla yake, 2018, mkoa wa Mbeya ulizika watu wa ajali za namna hiyo, msiba mmoja ukifuata mwingine. Baada ya ajali kama hizo taarifa ya kwanza huwa na maneno yaleyale: breki zilifeli, dereva akashindwa kulimudu gari. Maneno hayo si uongo. Kasoro yake ni kwamba yanaianza habari pale inapoishia. Lori lenye tani 56, ambazo ndizo mwisho wa uzito unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, haliishiwi breki kwa kurogwa. Breki huchoka kwa joto dereva anaposhuka na gia kubwa akitegemea kukanyaga. Huchoka upesi zaidi zikiwa zimeshalika. Na zikiwa zimeshalika, kwa kawaida yupo mtu aliyeliona hilo kabla ya safari: fundi wa gereji, utingo, au dereva mwenyewe. Swali lenye faida ni lile la kilichoipata habari hiyo baada ya kuonekana. Ilisemwa? Aliambiwa nani? Na aliyeambiwa alijibu nini?

Msomaji anaweza kushangaa sura ya nyuklia kuanza na lori la mizigo. Lakini kile ambacho wataalamu wa nyuklia wanakiita uongozi kwa ajili ya usalama, ambacho Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) lilikitungia kanuni zake rasmi mwaka 2016, ukikivua joho la lugha ya makaratasi hubaki kitu kimoja: safari ya habari mbaya kutoka kwa anayeiona hadi kwa mwenye uwezo wa kusimamisha kazi. Waswahili walishaligusa jambo hili waliposema mkubwa ni jalala. Usemi huo hutumika kumfariji mkubwa anayelaumiwa na kila mtu, kwamba avumilie, kwa kuwa kila uchafu mwisho hutupwa kwake. Mimi ninausoma kama orodha ya majukumu ya kazi. Jalala likiwa mbali, au likiwa na mlinzi mwenye rungu, taka hazipotei. Zinatupwa mtaroni usiku, na mvua za masika ndizo zinazomwambia kila mtu zilikokuwa. Ninachodai ni kwamba ukubwa wa namna hiyo hufundishika, kwamba wapo waliokwisha kuufundisha na matokeo yakaonekana, na kwamba Tanzania ina sababu ya kuanza kuufundisha leo, katika sehemu kama Mbalizi, bila kungoja siku ya kuwa na kinu cha nyuklia.

Ushahidi wa kwanza ulilala kwenye meza za ofisi moja ya Marekani. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha pili cha kituo cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama bila kufunga. Maji ya kupoza yakaanza kutoka. Taa iliyokuwa mbele ya waendeshaji ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa. Haikuonyesha kama vali imefunga kweli. Waendeshaji wakadhani mfumo umejaa maji kupita kiasi, wakapunguza maji ya dharura, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Kwa mtazamo wa haraka, hilo ni kosa la watu wa zamu. Lakini tume ya Rais iliyoongozwa na mwanahisabati John Kemeny iliwekewa mezani habari nyingine. Vali ya namna hiyo ilikuwa imekwama vilevile Septemba 1977 katika kituo cha Davis-Besse, Ohio, na waendeshaji wa huko nao walipunguza maji vilevile. Kilichowaokoa ni kwamba kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu ndogo na vali ikagunduliwa mapema. Mhandisi wa kampuni iliyotengeneza vinu vyote viwili, Bert Dunn, aliandika waraka wa ndani Februari 1978 akionya kwamba siku nyingine, kinu kikiwa kwenye nguvu kubwa, kosa hilo linaweza kuunguza kiini. Hakuna aliyeuchana waraka ule. Ulipita meza kwa meza, ukaulizwa maswali mawili matatu, ukatulia. Vituo vilivyonunua vinu hivyo havikuonywa. Miezi 13 baadaye Three Mile Island ilijifunza kwa gharama yake kile ambacho Dunn alikuwa amekiandika kwa wino.

Davis-Besse yenyewe ilirudi darasani baadaye, safari hii kama mfano mbaya. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2002, asidi ya boroni ilikuwa inavuja kupitia nyufa na kuula mfuniko wa chuma wa kinu chake. Dalili zilikuwepo wazi. Vichujio vya kifaa cha kupimia mionzi hewani, ambavyo vilipaswa kudumu kama mwezi, vikawa vinaziba kwa vumbi la kutu na kubadilishwa kila baada ya siku moja mbili. Wafanyakazi wakazoea. Kubadilisha kichujio kukawa ni sehemu ya ratiba, kama kufagia. Mdhibiti wa serikali alipotaka vinu vya aina hiyo vikaguliwe kufikia mwisho wa 2001, kampuni iliomba kusogeza mbele, kwa sababu kuzima mtambo ni hasara, na ikaruhusiwa wiki kadhaa zaidi. Machi 2002 mafundi walikuta tundu lililopenya unene wote wa chuma, likazuiwa na utando wa ndani wa chuma cha pua usiofika sentimeta moja. Mfano huu unanigusa kuliko ule wa 1979, maana hapa hakuna usiku mmoja wa kuchanganyikiwa. Pana miaka ya watu wenye akili timamu wanaopangusa kutu. Elimu ya fizikia walikuwa nayo ya kutosha. Waliyemkosa ni mkubwa wa kuuliza, kwa nini tunabadilisha vichujio hivi kila kukicha?

Mfano wa Chernobyl unajulikana zaidi, lakini mara nyingi husimuliwa nusu. Kinu namba 4 kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, ripoti ya kwanza ya jopo la washauri wa IAEA, iliyotoka mwaka huohuo kwa kutegemea maelezo ya Wasovieti, iliwabebesha waendeshaji mzigo mkubwa: walivunja taratibu, walizima vifaa vya kinga. Ndani ya ripoti hiyo ndimo msemo "utamaduni wa usalama" ulipozaliwa. Mwaka 1992 jopo hilohilo lilirekebisha hukumu yake. Lilieleza kwamba fimbo za kudhibiti kinu, zikiingizwa kutoka juu kabisa, kwa sekunde za mwanzo ziliweza kuongeza nguvu badala ya kuipunguza. Kwamba tabia hiyo ilikuwa imeonekana mwaka 1983 katika kituo cha Ignalina, Lithuania. Na kwamba waliopaswa kulifanyia kazi hawakulifanyia. Mtu aliyebonyeza kitufe cha kuzimia kinu usiku ule alikuwa anabonyeza breki ambayo wakubwa wake walijua kwamba haiaminiki. Ilichukua miaka sita kwa dunia kuhamisha macho kutoka kwa dereva kwenda kwa mwenye gari, na hilo ni jopo la wanasayansi waliobobea. Tusiwashangae sana maaskari wa trafiki.

Kuna pingamizi ambalo hutolewa kwa sauti ya chini, kwa kuwa linagusa heshima. Husemwa kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa, mkwe hamjibu mkwe, na mfanyakazi anayemwambia mkurugenzi kwamba amekosea amejifukuzisha kazi. Japani nayo ilijieleza hivyo. Kiyoshi Kurokawa, mwenyekiti wa tume huru ya bunge iliyochunguza ajali ya Fukushima ya tarehe 11 Machi 2011, aliandika katika utangulizi wa toleo la Kiingereza la ripoti ya 2012 kwamba mizizi ya maafa yale ilikuwa katika utamaduni wa Kijapani wenyewe, utamaduni wa kutii na kutohoji. Maelezo hayo yanavutia, lakini yanakwama kilomita zisizofika 130 kuelekea kaskazini. Kituo cha Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko lilelile na kilipigwa na tsunami ya mita 13 hivi. Kilisalimika, na wanakijiji zaidi ya 300 waliopoteza nyumba walihifadhiwa ndani ya uzio wake. Sababu ni urefu. Wakati wa kukipanga kituo hicho, Yanosuke Hirai, aliyekuwa makamu wa rais wa kampuni ya umeme ya Tohoku, alishikilia kwamba kijengwe juu sana kuliko wenzake walivyoona inatosha, akikumbusha tsunami ya mwaka 869. Kikajengwa mita 14.8 juu ya bahari. Kwenye kituo cha Fukushima Daiichi, kilima cha mita 35 kilikatwa hadi mita 10 ili iwe rahisi kuvuta maji ya bahari, na mwaka 2008 kampuni iliyokimiliki ilipopata hesabu yake yenyewe ya wimbi la mita 15.7, hesabu hiyo haikubadilisha kitu. Nchi moja, lugha moja, kuinamiana kulekule. Tofauti ilikuwa ni nani aliyesema na nani aliyemsikiliza.

Na sisi tukijitazama vizuri hatukosi chombo cha kupeleka habari mbaya juu. Tunayo risala. Kila shughuli yenye mgeni rasmi, iwe kuzindua zahanati au kufunga mafunzo, husomwa risala, na risala iliyokamilika ina sehemu ya matatizo kabla ya shukrani. Huo ni ubunifu mkubwa wa kiutawala: mdogo amepewa kipaza sauti, mbele ya watu, amweleze mkubwa kinachomsumbua, na mkubwa analazimika kujibu palepale. Bahati mbaya tumeukata makali. Rasimu hupita kwanza kwa mkuu wa idara, naye hufuta aya inayomhusu. Neno tatizo limekufa kifo cha taratibu, mahali pake limekaa neno changamoto, ambalo halina mwenyewe wala haraka. Ukuta uliopasuka hupakwa rangi siku moja kabla ya ugeni. Mtu akitaka kufundisha uongozi wa usalama kwa Watanzania, hana haja ya kuagiza utamaduni mpya kutoka kwa IAEA kule Vienna. Airudishie risala meno yake, na aanze kwa kumfundisha mgeni rasmi namna ya kuipokea.

Je, hilo hufundishika? Wapo wanaoamini kwamba uongozi ni kipaji, mtu huzaliwa nao, na darasa la wiki mbili halimgeuzi mwoga kuwa shujaa. Jibu lipo kwenye ndege. Machi 1977 ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani Tenerife, katika visiwa vya Canary, watu 583 wakafa, na moja ya mambo yaliyoonekana katika uchunguzi ni kwamba wasiwasi wa mhandisi wa ndege haukuweza kumzuia rubani mkuu mwenye jina kubwa asianze kuruka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashirika ya ndege yakaanza kufundisha kwa mazoezi: rubani msaidizi anajifunza maneno ya kusema anapoona hatari, na rubani mkuu anajifunza kuuliza na kunyamaza. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United namba 232 ilipoteza mifumo yote ya kuiongoza angani juu ya Iowa. Rubani Al Haynes hakujifanya kujua asichokijua. Alimkaribisha hata mwalimu wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria, wakagawana kazi, na watu 184 kati ya 296 wakaishi. Haynes mwenyewe alisema mara nyingi kwamba mafunzo yale ndiyo yaliyowafikisha. Hakuwa amezaliwa hivyo. Alikulia katika zama za rubani asiyeulizwa. Kwa upande wa nyuklia, IAEA ilianzisha shule ya kimataifa ya uongozi kwa ajili ya usalama wa nyuklia na mionzi, ikifunguliwa kwa mara ya kwanza mjini Nice, Ufaransa, mwaka 2017. Wanaolengwa ni mameneja wanaopanda, ambao bado hawajagandamana na viti vyao, na njia ya kufundisha ni visa: kundi hupewa hali yenye habari pungufu, muda mfupi na gharama halisi, liamue, kisha litetee uamuzi wake. Ninaiona njia hiyo kuwa sahihi kuliko mihadhara. Hakuna aliyewahi kukataa, kwa maneno, kwamba usalama ni muhimu. Watu hukataa pale kinu kinapotakiwa kuzimwa siku ya Ijumaa na mteja anasubiri umeme.

Pingamizi kubwa kuliko yote kwa msomaji wa Mbeya au Iringa ni kwamba hayo hayatuhusu, hatuna kinu. Ni kweli hatuna. Kenya, iliyotangulia kwa mipango na ina wakala wake wa nguvu za nyuklia, ilifikiria Uyombo katika kaunti ya Kilifi na kukutana na wakazi waliokataa. Lakini nyuklia ni pana kuliko kinu. Wilayani Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, mradi wa urani wa Mto Mkuju ulipewa leseni mwaka 2013, baada ya UNESCO kukubali mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe, na mwishoni mwa Julai 2025 mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ukazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan, mwekezaji akiwa ni kampuni tanzu ya Rosatom ya Urusi. Ng'ambo ya mpaka wa Kyela, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, mgodi wa Kayelekera ulichimba urani kuanzia 2009 hadi 2014. Bomba la mafuta la TAZAMA limepita nyanda hizi tangu 1968, na maungio ya mabomba ya namna hiyo hupigwa picha kwa vyanzo vya mionzi vinavyobebeka mkononi. Wajenzi wa barabara, kama hawa wanaoipanua barabara kuu kuwa ya njia nne kupita Mbeya, kwa kawaida hupima ushindiliaji wa udongo kwa kifaa chenye chembe ya sizi (cesium) 137. Viwanda vya saruji duniani hutumia vyanzo vya aina hiyo kupima kiwango cha kilichomo ndani ya mitambo. Hospitali zina eksirei na CT. Ndiyo maana tulikuwa na sheria ya kinga ya mionzi tangu 1983, na Sheria Na. 7 ya 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mbunge hatungi sheria kwa kitu kisichokuwepo.

Hatari inayonitisha zaidi kwa mji kama Mbalizi haina uhusiano na mlipuko wowote. Ina uhusiano na mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Mjini Goiânia, Brazil, kliniki ya tiba ya mionzi ilihama jengo lake mwaka 1985 na kuacha nyuma mashine yenye sizi 137, huku wahusika wakivutana mahakamani. Septemba 1987 vijana wawili waliingia katika magofu yale, wakaing'oa sehemu ya mashine kwa ajili ya chuma, wakaiuza. Mwenye duka la chakavu akaona unga unaong'aa buluu gizani, akaufurahia, akawagawia ndugu na marafiki. Watu wanne walikufa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi mwilini au kwenye nguo, na zaidi ya 112,000 wakapangwa mstari uwanjani wapimwe. Aliyeizuia balaa isisambae zaidi hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mke wa mwenye duka, Maria Gabriela Ferreira, aliyegundua kwamba kila aliyekaa karibu na kile kitu anaumwa, akakitia kwenye mfuko, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya, akasema: hiki ndicho kinachoua watu wangu. Alikufa mwezi uliofuata. Yeye alifanya kile ambacho daktari mwenye leseni, mwenye jengo na mdhibiti hawakukifanya kwa miaka miwili. Hoja yangu yote imo humo: ujuzi wa kuona hatari umetawanyika, mara nyingi uko chini kabisa, na mamlaka ya kuizuia yamerundikana juu. Uongozi wa usalama ni ufundi wa kuunganisha hizo ncha mbili kabla mtu hajapanda basi na mfuko.

Wengine watasema mwekezaji wa nje atakuja na utaratibu wake, uliokomaa, sisi tuuige. Kwa kiasi fulani ni sawa. Hakuna sababu ya kuvumbua upya fomu ya kukabidhiana zamu. Lakini kwenye mgodi wa urani hatari za kila siku ni vumbi, gesi ya radoni na mabwawa ya mabaki, vitu visivyopiga kelele. Kipimo cha juu cha mionzi kwa mwaka kwa mfanyakazi, millisievert 20 kwa wastani, hakihisiwi mwilini wala hakina harufu. Sehemu yake hujulikana kwa beji aliyoivaa kifuani. Beji hiyo ina maana ikiwa mfanyakazi ameivaa. Akijua kwamba ikisoma juu ataondolewa sehemu yenye posho, ataiacha kabatini, na ripoti ya mwezi itakuwa safi kama shuka la harusi. Hapo utaratibu wa Moscow haufiki. Anayefika ni nyapara wa zamu, aliyetoka Songea, Njombe au Mbeya, anayezungumza Kiswahili na watu wake na anayejua nani ana mtoto anayedaiwa ada. Huyo ndiye wa kufundishwa kwanza, na mshahara wa anayehamishwa kwa sababu ya usalama ulindwe, la sivyo mafunzo yatakuwa mzaha.

Kuna jambo la adhabu pia, na hapa nakubali kwamba hoja yangu ina upande mgumu. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria na watu 228 wakafa. Ndani ya siku chache bodi ya TEMESA, wakala uliokiendesha, ilivunjwa na mtendaji wake mkuu akaondolewa. Wananchi walitaka hivyo, nao walikuwa na haki; msiba wa ukubwa ule bila mtu kuwajibika ni tusi. Walakini kuondoa watu kuna funzo la pili ambalo halikusudiwi. Aliyebaki hujifunza kwamba jipu hutumbuliwa likionekana, kwa hiyo kazi yake ni kulifunika. Wenye ndege walilipatia ufumbuzi wa kati. Tangu 1976 Marekani ina mfumo wa kuripoti makosa unaoendeshwa na NASA, chombo ambacho hakitoi leseni wala adhabu. Rubani anayeripoti kosa lake la bahati mbaya kwa wakati hupata kinga dhidi ya faini na kufungiwa, lakini kinga hiyo haimfuniki aliyefanya makusudi au aliyetenda jinai. Mpaka huo, kati ya kukosea na kuficha, ndio wa kufundishwa kwa bidii, kwa sababu sisi huwa tunaupindua: aliyekosea akasema anaadhibiwa, aliyenyamaza anapandishwa cheo hadi siku ya maafa.

Darasa lenyewe lingekuwaje? Tuseme liko Mbeya, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia au ukumbi wowote wenye viti visivyopangwa kwa vyeo. Ndani wapo mkuu wa idara ya mionzi wa hospitali, mhandisi wa barabara, msimamizi wa ghala la kiwanda, mmiliki wa malori matano, mkaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki na mnunuzi wa chakavu. Kisa cha kwanza hakina nyuklia hata kidogo. Lori limesimama juu ya Iwambi saa mbili usiku. Utingo ameshuka, amenusa matairi, amerudi na kusema yananuka kuungua. Dereva anampigia mwenye gari: "Bosi, breki hazishiki vizuri." Simu inajibu: "Mzigo unasubiriwa Tunduma kesho asubuhi, shuka pole pole tu." Mmiliki wa malori ndiye anayepewa nafasi ya utingo, na mnunuzi wa chakavu ndiye bosi kwenye simu. Kila mmoja anaandika sentensi moja atakayosema, neno kwa neno, kisha anaisema kwa sauti mbele ya wengine, mara tano, hadi iache kutetemeka. Halafu anayejibu kama bosi anaandika jibu ambalo litamfanya dereva apige simu tena safari ijayo. Kazi hiyo ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na ndiyo inayokula saa nyingi. Baada ya hapo ndipo wanaletewa waraka wa Bert Dunn, vichujio vya Davis-Besse, mfuko wa Maria Gabriela, na mwisho kisa cha kubuni cha kipimo cha ushindiliaji kilichopotea eneo la ujenzi jioni ya kuamkia Idi, mkandarasi akiwa ameshaahidi kukabidhi kazi.

Mtihani wa darasa hilo haufanywi kwa karatasi. Miezi sita baadaye mwalimu anakwenda kazini kwa mhitimu bila taarifa na kuomba daftari la taarifa za kasoro. Daftari tupu ni kufeli. Lenye taarifa anaangalia zilitoka kwa nani, zilijibiwa baada ya siku ngapi, na aliyeleta ile ya kwanza yuko zamu gani leo. Kisha anatoka nje kumtafuta mfagizi wa chumba cha eksirei, anamuuliza ile taa nyekundu ya mlangoni iliharibika lini, na alimwambia nani.